Mama Bei na Petroli ya Harusi

Wiki iliyopita mliniacha kwenye foleni ya mbwa.

Waliokosa gazeti niwaambie kwa kifupi. Binamu yangu Zaidi, mkata tiketi za mabasi pale Ikwiriri, alinidanganya kwamba kuna watu wanagawa oili ya injini bure. Nikavaa baibui langu jipya, nikabeba dumu, nikaenda kupanga foleni. Nikaja kushtuka kila aliye mbele yangu ana mbwa. Ilikuwa foleni ya chanjo. Daktari wa mifugo akaniuliza, "Na wewe mama, wa kwako yuko wapi?"

Nimesikia mmecheka sana. Hata muuza magazeti wa Kibiti siku hizi ananiita Mama Chanjo. Haya, chekeni tu, lakini leo mnionee na huruma kidogo, maana siku ile ilinigharimu.

Mimi ni Mwanahawa wa Mbuchi, nahodha wa boti iitwayo Nipishe. Boti si yangu, ni ya kikundi chetu cha akina mama, na mwenyekiti wetu ni Bi Safina. Mwanamke kushika usukani kulizua maneno mengi huku delta. Maneno yakaisha boti ilipoanza kuleta faida, na faida ilitokana na jambo moja tu: mimi najua bei.

Kila asubuhi Sabra, muuza chai anayekaa mkabala na sheli za Kibiti, ananitumia bei zilizo kwenye vibao. Zaidi ananitumia za Ikwiriri. Nazilinganisha, narekodi sauti, nairusha kwenye kundi letu la wasapu: "Assalaam alaykum wana mafuta, Mama Bei hapa. Leo jazeni Kibiti, Ikwiriri wamepandisha." Manahodha wa delta nzima wananisikiliza kabla hawajanywa chai.

Wote, pamoja na Mashaka. Huyu ana boti yake kubwa, na kila akikutana na Bi Safina anamwambia, "Nikodisheni na Nipishe, mama, muwe mnapokea hela mmekaa barazani."

Sasa siku ile ya mbwa Nipishe ilikosa safari, na abiria wetu wote wakapanda kwa Mashaka. Kikundi kikaitisha kikao. Bi Safina akanitazama juu ya miwani yake.

"Mwanahawa, mwanangu Sufiani anaoa Alhamisi."

"Najua, Bi Safina. Hongera."

"Hongera weka pembeni. Bwana harusi na wanaume watakwenda na boti ya Mashaka. Akina mama na begi la bibi harusi tutakwenda na Nipishe. Begi likifika kwa wakati, kabla ya adhuhuri, wewe bado nahodha. Ukinitia aibu kwa wakwe zangu, Nipishe namkabidhi Mashaka."

"Mbele ya kikao hiki?"

"Mbele ya kikao hiki."

Nikasema sawa. Mtu mwenye akili zake angeomba siku mbili za kufikiri, lakini mimi nilikwisha kusema sawa.

Kikao kilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi Sabra akanitumia sauti, honi zinalia nyuma yake.

"Shoga, huku kumekucha vibaya. Sheli mbili zimezungushia pampu kamba, wanasema mafuta yamekwisha. Ya tatu foleni imefika mpaka kwa fundi cherehani. Mimi naona wanasubiri Jumatano."

Mnajua mambo ya Jumatano. Jumatano ya kwanza ya mwezi ndiyo bei mpya hutoka. Ikivuma kwamba itapanda, petroli inaanza kuona haya, haitoki nje.

Nami ghalani nilikuwa na nusu dumu. Kijiji cha bibi harusi ni Kiwambani, chini kabisa, mto unapokaribia kuingia baharini. Kwenda na kurudi kwa injini kunataka madumu mawili.

Saa hiyohiyo simu ikalia tena. Zaidi.

"Binamu! Kuna sheli mpya imefunguliwa leo huku Ikwiriri! Ufunguzi, binamu! Bei wameishusha mpaka nimewaonea huruma. Na kila anayejaza anapewa kofia. Ni leo tu, waambie watu wako waje na madumu."

Nikaisikiliza mara mbili, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kofia! Safari hii kaongeza na kofia!

Zaidi ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Ana ruhusa ya kukuvuruga atakavyo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Tangu utotoni ananifanyia hivyo nami namrudishia. Mwaka jana nilimtumia salamu kwamba mkwewe yuko njiani kuja kukaa kwake mwezi mzima. Alipaka nyumba rangi.

Basi nikashika simu, nikarekodi kwa madaha.

"Assalaam alaykum wana mafuta, Mama Bei hapa. Zaidi yuleyule wa mbwa leo kaja na sheli ya kofia. Asiende mtu. Atakayekwenda asisahau mbwa wake."

Kundi likajaa vicheko. Manahodha wakakaa majumbani kwao, wakifurahi kwamba wana mtu wa kuwaonya.

Alasiri nikasikia mngurumo wa gari. Pikapu ya kukodi ikaingia Mbuchi taratibu. Nyuma yamepangwa madumu, yamejaa mpaka shingoni, na juu ya madumu amekaa Mashaka.

Kichwani ana kofia. Mpya, nyekundu.

"Mama Bei!" akapaza sauti. "Mbona sikukuona kwenye ufunguzi? Nimekuletea kofia yako."

Akanirushia. Nikaidaka bila kutaka.

Ridhiwani, nahodha mwenzetu, akasogea. "Mashaka, kwa hiyo sheli ilikuwepo kweli?"

"Ilikuwepo. Mimi nilikwenda Ikwiriri kununua plagi, nikaikuta."

"Na bei?"

"Bei! Mwenye kujaza alikuwa anaona haya kupokea hela."

Watu wakageuka, wakanitazama mimi. Nani angependa kutazamwa vile?

"Mwanahawa," akasema Ridhiwani, "nina madumu matupu nyumbani. Nilikuwa naondoka. Nimevua viatu kwa ajili ya sauti yako."

"Ridhiwani, ndugu yangu, nilidhani..."

"Ulidhani! Sisi hatukufuati kwa dhana zako. Tunakufuata kwa bei."

Nilikuwa na njia nyepesi ya kujua ukweli. Ningempigia mtu mwingine yeyote Ikwiriri, nikamwambia chungulia kibao, basi. Sikupiga. Nilikuwa na haraka ya kuchekesha watu.

Nikajifungia ndani, nikampigia Zaidi. Alipokea akiwa tayari anacheka.

"Zaidi, kwa nini hukuapa?"

"Siku ya mbwa niliapa."

"Uliapa kwa kuku wako!"

"Na kuku mwenyewe alikufa. Sasa niape kwa nini tena?" Akakohoa kwa kicheko. "Binamu, mara moja nimesema kweli katika maisha yangu, nawe ukanitangaza delta nzima kwamba mimi mwongo. Niliumia, ujue."

"Hukuumia."

"Kidogo."

"Zaidi, wataninyang'anya boti."

Akaacha kucheka. "Haya, hilo silo utani," akasema. "Pole, binamu." Na mimi nikaanza kulia kwa sababu ya ile pole, maana kutoka kwa Zaidi sikuizoea.

Jumatano bei mpya ikatoka. Ilikuwa imepanda. Pampu zikafunguliwa kamba, lakini Sabra akasema foleni imefika barabara kuu, na madumu hayajazwi mpaka magari yaishe. "Labda kesho kutwa, shoga," akasema. Kesho kutwa bibi harusi angekuwa ameshaolewa.

Nikamwendea Mashaka. Nilimkuta anakunywa kahawa uani, kofia ile ile kichwani.

"Nataka madumu mawili," nikasema. "Nalipa bei mpya."

"Chukua bure."

"Bure?"

"Bure kabisa, Bi nahodha. Ila usukani wa Nipishe kesho nashika mimi. Boti yangu ataendesha mdogo wangu. Wewe kaa na akina mama, piga vigelegele, upumzike."

"Ili Bi Safina aone nani kalifikisha begi."

"Si atakuwa anaona kweli?"

"Mafuta yako yanywe, Mashaka," nikamwambia, nikaondoka. Njiani nikajuta kwa hatua kama tano, halafu nikaacha.

Nikaenda kusimama kwenye gati, nikautazama mto. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapopwa huondoka kwa kasi. Alfajiri ya Alhamisi yangeanza kuteremka, na yanateremka upande uleule wa Kiwambani. Bibi yangu alikuwa akienda harusini huko kabla hatujaziona injini. Alikwendaje? Alikwenda na maji.

Nusu dumu ingenitosha kwenye makona. Kurudi, maji yakijaa, yangeturudisha yenyewe. Nikaanza kucheka peke yangu pale gatini. Bei ya maji haipandi Jumatano.

Alhamisi asubuhi akina mama wakapanda wamependeza, khanga sare, manukato mpaka samaki wakimbie. Bi Subira, fundi wa ngoma, akakaa katikati na ngoma yake. Bi Safina akakaa mbele na begi mapajani, hariri yake ya kijani inametameta. Nikasukuma boti kwa pondo, ule mti wetu mrefu wa kuchomeka chini, mkondo ukatushika.

Tukaenda kidogo. Bi Safina akageuka.

"Mwanahawa, mbona sisikii injini?"

"Tunakwenda na maji, Bi Safina. Injini nitawasha kwenye kona."

"Harusi ya mwanangu unaipeleka kwa kuelea?"

"Tutafika kabla ya adhuhuri."

Hajanijibu, Mashaka huyo akatupita kwa mngurumo. Sufiani kavaa kanzu nyeupe, wanaume wamejaa, kofia nyekundu mbele. Wimbi lake likatulowesha viatu. Akapunga mkono.

"Tutawawekea pilau!" akapiga kelele.

Bi Safina akanitazama kwa jicho ambalo nalijua. Lakini Bi Subira alikuwa ameshaanza kupiga ngoma, na hapo ndipo tukagundua jambo. Bila injini, ngoma inasikika! Sauti zilikwenda mpaka ndani ya mikoko. Waliokuwa kwenye mashamba ya mpunga wakasimama, wakaitikia kwa vigelegele kutoka ng'ambo.

"Kumbe miaka yote hii mashine ilikuwa inatuharibia nyimbo," akasema Bi Subira.

Hata Bi Safina akaanza kutikisa bega. Kidogo tu, la kulia.

Tulipopita nusu ya njia, nikasikia harufu.

"Nani anakaanga maandazi huku mikokoni?" akauliza Bi Subira.

Tukakata kona. Boti ya Mashaka imekaa upandeupande, injini imefunguliwa kifuniko, moshi mwepesi unatoka. Wanaume wanafukuza mbu. Sufiani kakunja kanzu yake mpaka magotini, anaogopa oili.

"Mashaka, vipi?"

"Imezima."

"Mbona inanukia maandazi?"

Akatazama pembeni. "Madumu nilinunua kwa wauza mafuta ya ufuta, Ikwiriri."

"Hukuyaosha?"

"Zaidi alikuwepo. Aliniambia niyaoshe kwa sabuni, niyaanike juani siku nzima, ndipo nijaze."

"Sasa?"

"Nikayasuuza kwa maji tu, nikajaza. Nilidhani ananitania."

Wallahi nilijitahidi kutocheka. Bi Subira ndiye aliyeanza, halafu boti nzima ikafuata, halafu wanaume, halafu Sufiani mwenyewe. Mashaka peke yake hakucheka. Ndani ya tangi lake kulikuwa na petroli, maji ya kusuuzia na ute wa ufuta, na hakuna injini inayokula mchanganyiko huo.

Aliyekata kicheko ni Bi Safina.

"Sufiani, vuka uje huku. Mwanahawa, washa injini twende."

"Na hawa?"

"Hawa watasubiri maji."

Nikatazama mto. Maji yalikuwa yanaondoka haraka. Nikiwasha injini na boti moja, tunafika mapema, begi mkononi, jina langu limesafika. Nikiwavuta, nusu dumu lote litakwenda na sijui kama tutafika.

Lakini huku kwetu, aliyezimikiwa mtoni haachwi. Hata kama jana mlitukanana. Anafungwa kamba, anavutwa, wala haulizwi nauli. Mimi nimevutwa hivyo zaidi ya mara moja, na mara moja aliyenivuta ni baba yake Mashaka, Mungu amrehemu.

"Bi Safina, nawafunga kamba."

"Nimekuamuru tuondoke."

"Boti ni ya kikundi, mama. Nakuheshimu. Lakini siwaachi."

"Leo ni harusi ya mwanangu!"

"Na wale ni watu wa harusi ya mwanao."

Akafunga mdomo mpaka midomo ikapotea. Nikarusha kamba. Mashaka akaidaka bila kunitazama.

"Vua kofia kwanza," nikamwambia.

Akavua.

Nikawasha injini. Nipishe ikalia, ikavuta, ikavuta. Boti mbili, watu tele, ngoma, begi. Nilikuwa nalisikiliza lile dumu linavyopungua kuliko nilivyosikiliza nyimbo. Tukakata kona ya mwisho, tukaona minazi ya Kiwambani, tukaona watu wamesimama ufukweni na shangwe zao.

Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Nikashika pondo, Mashaka naye akashika lake. Tulisukuma mpaka mikono ikatetemeka. Wapi! Maji yalikuwa yamekwisha chini yetu. Boti zikakaa kwenye tope, taratibu, moja nyuma ya nyingine, na kijiji kile tunakiona mpaka rangi za nguo za watu.

Hapohapo adhana ya adhuhuri ikaanza.

Bi Safina alikuwa amekumbatia begi, anatazama mbele. Mimi nilitamani tope linimeze.

Adhana ilipomalizika tukaona wanaume wanakunja suruali na kanzu kule ufukweni. Mbele yao Mzee Mwinyimvua, baba wa bibi harusi, na nyuma yake Shehe Mohamedi kashika viatu mkononi. Wakaingia topeni, wanakuja huku wanateleza na kushikana.

"Nisamehe mkwe," akaanza Bi Safina, "huyu nahodha wetu..."

"Nahodha kafanya nini?" akasema Mzee Mwinyimvua, anahema. "Bwana harusi yupo?"

"Yupo."

"Mahari yapo?"

"Yapo."

Shehe Mohamedi akashika ukingo wa Nipishe, akajipandisha. "Mimi sijasoma popote kwamba ndoa inataka nchi kavu," akasema. "Nipeni pa kukaa."

Nikampa dumu tupu. Akalikalia. Akina mama tukasogea nyuma kabisa, Sufiani akavutwa kutoka boti ya pili, mashahidi wakakaa ukingoni miguu ikining'inia. Na mimi Mwanahawa, niliyetoka juzi foleni ya mbwa, ndoa ikafungwa ndani ya boti yangu. Bi Subira alipiga kigelegele mpaka ndege wakahama.

Begi tulilipeleka kwa miguu, tope mpaka magotini, tunapokezana kichwani tunaimba. Wanawake wa upande wa bibi harusi walituona mlangoni wakaanguka kwa kicheko. "Mmeleta begi au mmeleta kaa?" wakatuuliza. Tukaoshwa miguu, tukalishwa, tukacheza. Nilikula sahani mbili za pilau na nikajua mambo yangu yamekwisha kuwa mazuri.

Sikujua kitu.

Alasiri maji yakarudi, boti zikaelea. Boti ya Mashaka ikaachwa pale na mdogo wake ili isafishwe injini. Petroli Kiwambani inauzwa kwenye chupa za soda, kwa bei ambayo sitaitaja kwa heshima ya wasomaji, na Bi Safina alikataa kuinunua. Nikamwambia haina haja, maji yanayojaa yatatupeleka mpaka Mbuchi.

Bibi harusi, Habiba, akapandishwa kafunikwa khanga, akakalishwa katikati na mumewe. Wanaume wachache na Mashaka wakajipenyeza, wengine wakabaki kusubiri. Nikaenda nyuma kushika nafasi yangu.

"Mwanahawa," akasema Bi Safina. "Begi limefika?"

"Limefika, mama."

"Kabla ya adhuhuri?"

Nikainama kukunja kamba.

"Wakwe zangu wameniona natambaa kwenye tope na hariri yangu. Na mbele ya watu nilikuamuru, ukakataa. Neno langu la kikao ni neno langu. Mpishe Mashaka."

"Bi Safina!" akaruka Bi Subira. "Harusi hii si imependeza?"

"Imependeza. Mwanahawa ampishe Mashaka."

Hata Mashaka hakufurahi. Akasimama anapangusa mikono kwenye suruali. "Mama, leo huyu ndiye aliyenivuta..."

"Umeniomba boti hii mwaka mzima. Unaitaka huitaki?"

Akanitazama. Halafu akasema, "Naitaka."

Iliniuma, wasomaji wangu. Ile boti naijua kila ubao. Ilipovuja niliiziba, ilipopasuka ubavu nililala nayo ufukweni isiibwe. Nikatoka nyuma, nikapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, nikaenda kukaa mbele na abiria. Nikakalia kitu kigumu, sikujali ni nini.

Tukaondoka. Mkondo ukatuchukua taratibu, akina mama wakaanza wimbo, lakini wimbo ulikuwa nusunusu.

Sasa niwaambie kitu kuhusu Mashaka. Ni fundi mzuri sana wa injini. Tangu ujana wake hajawahi kusafiri bila injini. Na pale mto unapogawanyika, maji yakijaa yanavuta kushoto, kwenye mashina ya mikoko yaliyokufa, yaliyochongoka. Ukiwa na injini hata huhisi. Ukiwa unaelea, inabidi uanze kupiga pondo mapema, kabla hujaona chochote.

Mimi niliona. Nikatazama pembeni.

Nipishe ikaanza kugeuka ubavu. Wimbo ukakatika.

"Mashaka," akasema Sufiani, "hii inakwenda wapi?"

Mashaka akachomeka pondo kwa nguvu zake zote. Likazama kwenye tope, likanasa. Boti ikaendelea, pondo likabaki limesimama nyuma yetu peke yake katikati ya mto. Mikono yake ikabaki mitupu.

"Kasia!" akapiga kelele. "Kasia liko wapi?"

Wakatafuta chini ya miguu, chini ya ngoma, chini ya khanga za bibi harusi. Nikapapasa kile kitu kigumu nilichokalia. Lilikuwa ndilo kasia.

"Mwanahawa!" akaita Bi Subira. "Inuka, mwanangu, tunakwenda mikokoni!"

Watu wote wakanigeukia. Mashina yalikuwa yanasogea, na maji yanazidi kuvuta. Najua ningeinuka palepale. Mtu yeyote mwema angeinuka. Lakini kifuani kulikuwa na moto, nikakunja mikono.

"Mimi ni abiria," nikasema.

"Dada," ikatoka sauti ndogo chini ya khanga, mara ya kwanza tunaisikia siku nzima, "mimi siku ya kuolewa kwangu sitaki kuogelea."

"Zungumza na mkweo, mwanangu. Yeye ndiye mwenye boti."

Bi Safina akasimama. Boti inayumba, watu wanamvuta akae, yeye akapita juu ya mapaja ya wageni, miwani imekaa upande, hariri ina tope lililokauka. Akaja mpaka nilipo. Tukatazamana. Nyuma yake niliona shina la kwanza, kavu, limetukodolea ncha.

Akainama, akanyanyua mkono wake wa kulia, na mpaka unafika usoni kwangu sikujua kama anakuja kunizaba kibao au kunishika kidevu anibembeleze.